Wifi Yangu Atafuta Mtu wa Kumsemea

Wifi yangu, dada wa mume wangu, anajua kufua na anajua kutukana, na katika yote mawili hafanyi nusunusu. Tulifanya kazi pamoja chumba cha kufulia cha nyumba ya wageni, yeye kwenye mashine, mimi msimamizi wake. Siku nilipopewa usimamizi alitangaza mbele ya wapiga pasi kwamba nimeupata kwa kujipendekeza. Tangu hapo hatusalimiani, na tunaishi ua mmoja.

Nyumba ya wageni ikafungwa. Mimi nikafungua genge la mboga. Yeye akakaa bila kazi mpaka akaanza kugombana na kuku. Ndipo hospitali ikatangaza inatafuta mkuu wa chumba cha kufulia: mwombaji alete wasifu wa kazi, wenye jina na simu ya mtu aliyewahi kumsimamia.

Aliyewahi kumsimamia nilibaki mimi tu, maana mwenye nyumba ya wageni alishafariki.

"Dada, mwandike wifi yako," mume wangu akamwambia.

"Huyo? Afadhali nimwandike mbuzi."

Nilikuwa pembeni nachagua maharage. "Mbuzi hana simu," nikasema.

Akaenda kwa Bwana Kopi, yule wa duka la kuchapa pale njia panda. Bwana Kopi ana wasifu mmoja tu kwenye kompyuta yake. Kila mteja akija, yeye anafuta jina la aliyetangulia na kuweka la huyu. Ndiyo maana mtaa wetu mzima hobi yake ni kuogelea, watu ambao hata beseni wanaliogopa. Ukikosa mtu wa kukusemea, anakuwekea namba yake mwenyewe kwa nyongeza kidogo. Simu ikipigwa, yeye ndiye bosi wako wa zamani. Wifi akarudi ameushika wasifu wake kama cheti cha ndoa, akapita nao mbele ya genge langu makusudi.

Asichojua ni kwamba wanawake wengine wawili wa mtaani waliomba kazi hiyohiyo kwa kupitia duka hilohilo. Matroni wa hospitali akampigia bosi wa kwanza, akasikia sifa. Akampigia wa pili: namba ileile, kikohozi kilekile. Wa tatu hakuhangaika naye. Akawaita wote, akawaambia kesho kila mmoja aje na msimamizi anayetembea kwa miguu yake, la sivyo asije kabisa.

Jioni wifi akasimama mlangoni kwangu. Hodi hakupiga.

"Kesho asubuhi una kazi?"

"Nina genge."

"Genge halina miguu. Hospitali wanataka kukuona."

"Wanataka kumwona Bwana Kopi."

"Wifi, usinichezee. Nimechoka kula kwenye sahani zako."

"Hata sahani zenyewe zimechoka. Nitakuja, lakini nitasema ninachokijua."

"Sema. Ila usiseme nusu."

Matroni alikuwa mama mnene asiye na muda wa kupoteza. Alinikalisha mbele ya wifi yangu, akauliza, "Anaelewana na watu?"

"Hapana."

Wifi akanigeukia shingo nzima.

"Mgomvi?"

"Kuanzia asubuhi mpaka anapolala. Na akilala anagombana na mto."

"Sasa nimchukue kwa nini?"

"Kwa sababu shuka chafu haipiti mbele yake. Siku moja wageni walijaa, bosi akaamuru shuka za jana zigeuzwe zitandikwe hivyohivyo. Huyu akakaa juu ya rundo, akamtukana bosi mpaka bosi akatoka mwenyewe. Wageni wakasubiri zifuliwe."

Matroni akageuka kutazama shuka ya kitanda kilichokuwa kwenye kona, akakwaruza doa lake kwa ukucha.

"Mkuu aliyekuwepo alikuwa mpole," akasema. "Manesi walimpenda sana." Kisha akamwambia wifi, "Anza Jumatatu. Ukinitukana mimi, unaondoka Jumanne."

Tulipofika nje nilingoja asante, nikaona ninapoteza muda.

"Umeniita mgomvi mbele ya watu," akasema.

"Uliniambia nisiseme nusu."

"Na mambo ya mto?"

"Hayo nyongeza."

Akasonya, akavuka barabara. Tukarudi nyumbani, yeye upande ule na mimi upande huu, kila mmoja akijifanya hamjui mwenzake.