Nilivyomtafutia mtoto wa mke wangu shule ya mtaala wa Uingereza huko Oman, huku wivu ukinitafuna

Wakuu, heshima kwenu.

Hili jambo nimekaa nalo muda mrefu. Leo mvua ya Tukuyu imenifungia ndani tangu asubuhi, nikasema ngoja nilitoe. Majina nimebadilisha. Mengine yote yametokea ndani ya nyumba yangu hapa Msasani ya Tukuyu, si ile ya Dar.

Mimi ni mwalimu wa Geography, sekondari ya serikali. Mtu wa Singida, kazi ndiyo iliyonileta Rungwe. Hapa nikamuoa Sekela, nesi, akiwa na binti wa miaka mitatu, Tumpe.

Sasa hivi Tumpe ana miaka kumi. Nimemfundisha kusoma, nimembeba mgongoni kumpeleka hospitali akiwa na homa. Ananiita baba, na sijawahi kumrekebisha.

Baba yake mzazi, nimuite Gwamaka, ni fundi mitambo Oman, na ameshaoa huko. Mwaka jana kampuni ikampa mkataba mpya unaolipia na ada ya shule ya mtoto. Akapiga simu, anamtaka binti yake akasome international school.

Familia ya Sekela na ya Gwamaka zikakaa kikao Lupepo, kijijini kwao. Wakakubaliana mtoto aende, likizo awe anarudi kwa mama yake.

Na mimi nilikuwepo. Nilipewa chai na ndizi za kupika. Maoni sikuombwa.

Basi zikaanza simu. Kila jioni tukimaliza kula, Gwamaka huyo hapo. Shule hii, shule ile, picha, video. Sekela anatoka na simu kibarazani, wanachambua.

Na anacheka.

Wakuu, cheko la mkeo unalijua. Sasa usikie cheko lake usilolijua, na anayemchekesha ni mwanaume mwingine. Nilikuwa nasahihisha madaftari, nikajikuta nimempa mtoto wa watu alama za vema kwenye majibu ya hovyo.

Siku moja Sekela akaniita kibarazani. "Mwalimu, hebu njoo utusaidie. Haya mambo ya Year sijui Cambridge mimi siyaelewi."

Nikamwambia, "Mwenye mtoto si yupo?"

Akaniangalia. "Mwenye mtoto hajui hata kama Tumpe anaogopa maji."

Hapo nikaingia. Lakini niwe mkweli, niliingia kutafuta kasoro. Nilitaka kila shule ya Oman ionekane mbovu, mtoto abaki.

Kwa wasiojua: mtaala wa Uingereza unapanga madarasa kwa umri. Mtoto wa miaka tisa kwenda kumi anakuwa Year 5. Akifika kama kumi na sita anafanya IGCSE, mtihani kama Form Four yetu, halafu A-level. Hiyo ni sehemu rahisi. Ngumu ni kujua mtoto wako ataishije mle ndani, na hilo kwenye website huwa halipo.

Shule ya kwanza ndiyo Gwamaka aliyoipenda. Majengo ya vioo, bwawa la kuogelea kama ziwa. Tukafanya video call, sisi huku, yeye kule, na dada wa admission katikati.

Nikauliza, "Mtoto akifika na Kiingereza cha kuungaunga, nani anakaa naye?"

Akasema atashushwa Year 4, na wakati wenzake wanasoma, yeye atakuwa anatolewa kwenda darasa la lugha peke yake.

"Kuogelea ni lazima?"

"Ni lazima."

Wakuu, nilifurahi kama nimeshinda kesi. Yule dada alipotoka kwenye call tukabaki na Gwamaka. Akasema, "Mwalimu, watoto wa mabosi wangu wote wako pale."

"Unatafuta shule ya Tumpe au ya mabosi wako?"

Sekela akanikanyaga mguu chini ya meza.

Ya pili ilikuwa shule ndogo, kama nyumba ya mtu. Usaili ukawa Jumapili, kwao siku ya kazi, sisi tumetoka kanisani. Mwalimu mwenyewe, mama wa makamo, ndiye aliyeongea na Tumpe, Gwamaka amekaa naye kule ofisini kwake. Simu tumeiegemeza kwenye chupa ya chai, mimi nimekaa pembeni, sionekani.

Akamuuliza Kiingereza cha kawaida, Tumpe akakauka. Moyoni nikasema, imekwisha, anabaki.

Yule mama hakuhangaika. Akamwambia, "Nifundishe kitu mimi sikijui. Tumia na mikono."

Tumpe akawaza. Akaanza kueleza kwa nini kwetu mvua haikatiki. Upepo unatoka Ziwa Nyasa na maji yake, unapanda Mlima Rungwe, huko juu unapoa. Neno likimpotea anaweka Kiswahili, mkono mmoja mlima, mwingine upepo.

Mwalimu akauliza, "Nani alikufundisha?"

"My father."

Yule mama akatabasamu, akageukia upande wa Gwamaka. "Hongera sana, bwana."

Na Gwamaka akajibu, "Asante."

Nilikuwa na uwezo wa kuingiza kichwa mbele ya kamera nikasema ni mimi. Lakini Tumpe alikuwa anacheka na yule mwalimu, ameshasahau woga. Nikimeza moto hapo, mtoto anapita. Nikaumeza.

Walipomaliza nikamfuata Sekela jikoni, nimejaa. Nikamkuta anamenya ndizi huku analia.

"Umesikia alivyosema asante?" nikaanza.

"Nimesikia." Akajifuta kwa kiwiko. "Na huyo mke wake wa Oman je? Mtoto akiumwa atamwita nani mama?"

Nilikuwa nadhani kwenye ile nyumba wivu ninao mimi tu. Nikachukua kisu kingine, tukamenya wote.

Jioni ile Gwamaka akanitumia ujumbe mimi, mara ya kwanza. "Kaka, pale kwenye hongera nilikosa neno. Chagua wewe shule."

Nikachagua ile ndogo.

Tulimsindikiza uwanja wa ndege wa Songwe mwezi wa nane. Kurudi, Sekela akalala kwenye kitanda cha Tumpe.

Mafunzo kwa mnaopeleka watoto nje: msichague shule kwa majengo. Ulizeni mtoto mgeni anapokelewaje wiki ya kwanza, nani anamsaidia lugha bila kumtenga, na mwombeni mwalimu atakayemfundisha aongee naye nyinyi mkisikia. Na awepo kwenye call mtu anayemjua mtoto kweli, hata kama hakumzaa.

Majuzi kulikuwa na kikao cha wazazi kwa video. Gwamaka alikuwa zamu, akanitumia link. Nikavaa shati la kazini, nikaingia.

Yule mama akaniambia Tumpe ana rafiki, anaongea mpaka ananyamazishwa. Wiki ya kwanza alilia, siku hizi halii kabisa.

Nikamshukuru. Sekela aliporudi kutoka hospitali akaniuliza mtoto anaendeleaje. Nikamwambia anaendelea vizuri, halafu nikatoka nje nikasimama kwenye mvua kidogo, kwa sababu nilikuwa natamani angalau wangeniambia analia mara moja moja.

Mliolea watoto wa wenzenu, huu wivu unaishaga? Karibuni.