Rangi ya Picha Ilikuwa Krimu

Niko ndani ya picha ya kwanza ya mjukuu wangu. Niko katikati kabisa.

Lakini ukiitazama mwaka mzima, hutaniona.

Mimi ni bibi wa Kamenge, mtaa wa Bujumbura, sijui kuandika maneno makubwa. Nitasimulia kama ilivyokuwa.

Nina mtoto mmoja tu, Valéry. Baba yake alifariki mapema, nikamlea kwa kukaanga mandazi mbele ya nyumba. Leo anafanya kazi ofisini Rohero, anavaa saa kubwa, na ana mke anayeitwa Danielle.

Mwezi wa tano Danielle akajifungua msichana. Wakamwita Benite.

Nikaambiwa mtoto akifikisha wiki tatu, familia yote itapigwa picha studio. Jamani, nilifurahi! Mimi na marehemu mama yangu hatuna hata picha moja pamoja. Nilitaka Benite akikua aone uso wa bibi yake. Hicho tu ndicho nilichokitaka.

Valéry akanipigia simu.

"Mama, batu bote batavaa bluu."

"Bluu gani, mwanangu? Ya mbingu ao ya shule?"

"Bluu tu, Mama. Niko kazini."

Nikaenda Buyenzi kwa Mwanasiti, fundi wangu wa miaka mingi. Mwanasiti aliweka pembeni nguo ya bibi harusi akashona yangu kwanza. Wema huo siusahau. Akaniuliza taratibu:

"Mama Valéry, nipandishe kola ifunike shingo?"

Aliuliza kwa sababu ya kovu. Linaanzia shavu la kushoto na kushuka hadi shingoni. Valéry alikuwa na miaka sita, alikimbiza mpira akagonga karai la mafuta. Nilimsukuma yeye, mafuta yakanikuta mimi.

"Apana," nikamjibu Mwanasiti. "Mutoto anijue vile niko."

Siku ya picha nikafika studio mapema, bluu kutoka kichwani hadi miguuni. Nikafungua mlango.

Wote walikuwa wamevaa krimu.

Valéry shati la krimu. Mtoto krimu. Danielle na mama yake, Epiphanie, walivaa kitambaa kimoja, krimu yenye maua madogo ya dhahabu.

Epiphanie akanitazama toka chini hadi juu. Akapiga makofi, akacheka, akaniita bamwana, yaani mkwe mwenzake.

"Bamwana wangu! We ni polisi wa barabarani, bluu yote hii? Kwa picha utakuwa kama nzi ndani ya maziwa."

Danielle aliniangalia kwa huzuni, akainamisha macho. Nikajua, huyu naye ananionea haya.

Valéry akanivuta pembeni. "Mama, pole. Bilibadilika jana, nikasahau kukwambia. Kaa pale, ushike mufuko ya mutoto."

Nikakaa. Nikashika mfuko.

Mpiga picha, kijana mpole anayeitwa Pontien, akaanza kazi. Benite akalia. Danielle akambeba, mtoto akalia. Epiphanie akambeba, akalia mpaka akawa mwekundu. Nusu saa nzima.

Mimi nikasema, "Mulete hapa."

Nikampakata, akanyamaza. Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha kila asubuhi, ananijua kwa harufu.

Pontien akakuna kichwa. "Basi iko njia. Tunafanyaka hivi kwa batoto badogo. Mama anakaa kwa kiti, tunamufunika na kitambaa, yeye na kiti bote. Anashika mutoto kwa juu ya kitambaa. Kwa picha itaonekana ni kiti tu. Kuna kitambaa ya krimu?"

Danielle akamtazama Valéry.

Valéry akasema, "Iko moja mu gari."

Akarudi nacho, bado kimekunjwa, karatasi ya duka juu yake. Maua madogo ya dhahabu. Nikafikiri ni kipande kilichobaki.

Mwanangu mwenyewe alinifunika. Alianzia kichwani.

Ndani kulikuwa na joto. Nilimshika Benite kupitia kitambaa, nikamsikia akipumua juu ya tumbo langu. Pontien alikuwa ananong'ona kila mara, "Mama, unapumua muzuri?" Mungu ambariki.

Kitambaa kikaniwasha puani. Nikakohoa.

"Eh!" Epiphanie akapiga kelele. "Kiti inakohoa! Valéry, peleka kiti yako kwa daktari!"

Wakacheka. Nilisikia kicheko cha mwanangu. Nakijua tangu hajaota meno.

Kisha mkono ukaingia chini ya kitambaa, ukashika vidole vyangu, ukavibana. Nikadhani ni mtu anayemrekebisha mtoto.

Picha ikatoka, kubwa, na fremu ya dhahabu. Ikatundikwa sebuleni. Kila mgeni alisema, "Kiti gani hiki kizuri hivi?"

Mimi niliendelea kwenda kumwogesha mtoto. Nilikuwa namchukia Epiphanie kimoyomoyo, na Danielle kidogo.

Wiki tatu zikapita. Asubuhi moja Danielle akapiga magoti karibu na beseni.

"Maman, nikuulize, usikasirike. Kile kitambaa kilikuwa kibaya?"

"Kitambaa gani, binti yangu?"

"Kile nilikutumia kwa mukono ya Valéry. Nilienda kununua mwenyewe, tumbo likiwa kubwa. Bipande bitatu: changu, cha maman wangu, na chako. Valéry akasema ulikirudisha. Ati unaona haya na uso wako, hutaki picha. Ati ni weye uliomba ufunikwe."

Maji yalikuwa yanadondoka mkononi mwangu.

"Siku ile nilitaka kulia," akasema. "Nilikushika mukono chini ya kitambaa ili ujue siko na haya na weye."

Basi ule mkono ulikuwa wake, na mwenye haya na uso wangu alikuwa mwanangu.

Ningeweza kusema kila kitu palepale. Nilimtazama Benite kwenye beseni, ana pua ya baba yake. Nikasema:

"Kilikuwa kizuri sana. Bado kiko? Nipe."

Nikakipeleka Buyenzi. Mwanasiti akauliza tena habari ya kola. Nikamwambia ashushe zaidi.

Jumapili iliyofuata watu walikuja kumwona mtoto. Sebule ilijaa: ndugu, majirani, na wakubwa wa kazini kwa Valéry. Nikaingia na rob yangu, gauni la krimu, maua ya dhahabu, kovu langu wazi. Nikaketi chini ya ile picha. Danielle akaniwekea Benite magotini.

Valéry aliniona. Chupa aliyokuwa anafungua ikabaki mkononi.

Mkubwa wake wa kazi, mama mmoja anaitwa Laure, akanitazama, akatazama juu, akanitazama tena.

"Ajabu! Mama, rob yako inafanana na kile kiti."

"Ndiyo, mwanangu," nikasema. "Kile kiti ni mimi."

Valéry akacheka haraka. "Mama anapenda muzaha."

Hakuna mwingine aliyecheka. Hata Epiphanie.

Danielle akasimama mbele ya wote.

"Valéry. Kitambaa, Mama alikirudisha lini?"

Laure akashusha glasi yake chini. Mwanangu aliangalia viatu vyake, kama alivyoviangalia siku ile ya karai.

Nilimtikisa tu mtoto.

Wageni walipoondoka, Danielle alipanda juu ya meza aitoe picha ukutani. Valéry naye akaja kusaidia, machozi yanamtoka. "Mama, tutapiga ingine."

"Tutapiga," nikasema. "Lakini hii haitoki."

Wakanishangaa wote wawili.

Iko pale hadi leo. Kila asubuhi mwanangu anapita mbele yake akienda kazini, na kila asubuhi naona anageuza shingo upande mwingine. Nimemsamehe, nampikia, namwombea. Picha siitoi.

Nyinyi mnaotafuta nguo za picha ya mtoto, msianze na kuuliza rangi. Ulizeni kwanza kila mmoja wa familia kama amefikiwa na kitambaa chake, na muulizeni kwa mdomo wenu wenyewe. Msitume mtu.