Karamu ya Jina la Duka

Kwetu Gisenyi mtoto akizaliwa hatumpi jina kwa kunong'ona. Tunaita watu, tunakaanga sambaza, visamaki vya Ziwa Kivu, kila mgeni anapendekeza jina na kulitetea kama wakili, kisha wazazi wanatangaza lile walilokuwa nalo tangu mimba. Ni desturi nzuri kwa mtoto, maana mtoto haibiwi jina lake.

Mimi na dada yangu tulipoamua kuuza nguo kwenye mtandao, baba yetu mdogo akasema duka nalo lifanyiwe karamu. Sisi ni washonaji wa mtaa wa Mbugangari. Mama alitufundisha kazi hiyo, na wateja wa hapa na wa Goma, ng'ambo ya mpaka, walimwita kwa jina la utani lililotosha kuwafikisha mlangoni kwake. Alipofariki nilitaka jambo moja tu: mtu akiandika jina lile kwenye simu, atukute sisi.

Fundi wa tovuti alituambia wazi: "Kwanza mulipie domeni, ile adresi watu wanaandika. Ya .rw na ya .com. Kisha ndio mutangaze."

Dada yangu akamtazama kwa huruma. Unasajilije jina ambalo sambaza zake bado hazijaliwa?

Basi watu wakaja. Shangazi kutoka Nyundo akapendekeza jina la kumshukuru Mungu, refu, la kujaza skrini nzima. Mwingine akataka liwemo neno "Kimataifa", ingawa mashine zetu zinasimama kila umeme ukikatika Mbugangari. Mwishowe nikainuka, nikatangaza jina la mama, herufi kwa herufi, ili hata wazee wa nyuma wasikie. Nililia. Shemeji yangu, mume wa dada, alipiga makofi kuliko wote, kisha akainamia simu yake. Nilidhani amezidiwa na huzuni.

Kesho yake fundi akatupigia. Domeni zote mbili zilikuwa zimechukuliwa jana yake mchana. Hatukuhitaji mpelelezi. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu hata suti ya harusi tulimshonea sisi.

"Shemeji, mi niliichunga tu," akasema, akimega ugali wangu. "Kama mwizi angeipata?"

"Basi irudishe."

"Bon. Muniweke directeur, jina inarudi nyumbani."

Directeur! Mkurugenzi asiyejua tundu la sindano liko upande gani. Dada yangu aliondoa sahani mumewe akiwa bado anatafuna.

Tukahitaji jina jingine. Baba mdogo, ambaye hajawahi kujifunza kutokana na kosa lenye chakula, akaitisha karamu ya pili. Nilikubali haraka. Asubuhi ya karamu mimi na dada tulikwenda kwa fundi, tukasajili jina jipya, la .rw na la .com, tukafunga midomo. Mchana wageni wakaanza kupendekeza, nami nikasifu kila jina kana kwamba limeshuka mbinguni. Shemeji alikuwa amekaa dirishani, penye mtandao mzuri, kidole gumba kikikimbia kuliko mashine yangu, akisajili kila jina lililotajwa. Lile refu la shangazi lilimtoa jasho. Nilipotangaza letu akaandika, akasubiri, akaandika tena. Kisha akatia simu mfukoni na kuomba maji.

Nilicheka mpaka mbavu zikauma, sikatai. Sasa wateja wanatupata kwa jina jipya, na shemeji anamiliki shukrani kwa Mungu nyingi kuliko padri.

Lakini la mama hakulirudisha. Alipoona hatumpi ukurugenzi, aliweka ukurasa mweupe, hauna nguo wala picha, jina la mama katikati na chini yake neno moja: Linauzwa. Mama hakuwahi kumpa mteja hata leso kabla hajaipiga pasi. Kila nikiufungua ukurasa ule naumia upya.

Juzi akaja mteja wa zamani kutoka Goma, mama mtu mzima, ameshika simu yake kama mtu aliyeletewa tanzia.

"Niliandika jina ya mama yenu," akasema. "Simu inaniambia anauzishwa. Ni nani anamuuzisha?"

Dada yangu aliondoa mguu kwenye mashine, akainua macho.

"Ni bwana yangu," akasema.