Mfuko wa Mchanga Mkiani

Mume wangu ni fundi wa mashua, na ufundi wake huo ulikuwa karibu kumuua. Nasema hivi nikiwa bado na hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Ndege aliiunda hapa hapa kisiwani Chula, nyuma ya nyumba yetu, kwa mbao na mabomba ya alumini, na injini aliyoletewa na ndugu yake, shemeji yangu, ambaye ni fundi wa ndege ndogo huko Kenya. Mume wangu alikaa kwake miezi kadhaa akafunzwa kurusha ndege. Sababu ya kuiunda ilikuwa dada yangu. Alishikwa na uchungu wa kuzaa, akapakiwa mashuani kwenda hospitali Kismayo, akafa kabla mji haujaonekana. Mume wangu aliapa kwamba mgonjwa mwingine hatasafiri hivyo. Kwa neno hilo nilimpenda upya, na kitambaa cha mabawa nilikishona chote mimi.

Tatizo lilikuwa magurudumu. Ndege ile ina mawili makubwa mbele na moja dogo mkiani. Mchoro ulionyesha makubwa yakae wapi, lakini yeye aliyarudisha nyuma shibiri nzima, kwa kuwa hapo ndipo angeweka gogo kama angekuwa anaegemeza mashua nchi kavu. Siku ya kuijaribu chini, maji yametoka na ufuo umekauka mgumu, alikimbia nayo kidogo akashika breki. Ndege ikachoma pua mchangani, pangaboi likavunjika, naye akatoka na mdomo uliopasuka.

Mtu mwingine angefungua mchoro. Yeye alifanya ambalo fundi yeyote wa kwetu angefanya chombo kikielemea mbele: alitia farumi. Mashua tupu hutiwa mchanga au mawe chini ili itulie, na ikiinama kichwa, mzigo ule husogezwa nyuma. Basi alijaza mchanga katika mfuko wa mchele akaufunga ndani ya mkia. Akachonga pangaboi jingine, akakimbia tena, akashika breki, pua isianguke. Wanaume wakampigia makofi.

Mimi nilisoma Mombasa tulipokuwa wakimbizi, na karatasi za mchoro ule ni mimi niliyekuwa nikimsomea. Zilieleza wazi kwamba uzito wote, pamoja na rubani, mgonjwa na mafuta, lazima kitovu chake kiangukie kati ya alama mbili. Kikipita alama ya nyuma, ndege ikiwa chini itatulia vizuri sana. Hewani pua itapanda, mabawa yataacha kushika upepo, na rubani hataweza kuishusha pua tena. Nilipiga hesabu mara tatu kwa chaki sakafuni. Kwa mfuko ule kitovu kilikuwa nyuma ya alama hata kabla ya mgonjwa kupanda.

"Magurudumu ndiyo yasogee mbele," nilimwambia. "Mchanga utoe."

"Weye mchumke, wayua nini mambo ya vyombo?" Eti kwa kuwa mimi ni mwanamke.

"Chombo cha baharini chaegemea mayi. Hiki kikiwa yuu kitaegemea nini?"

"Chombo ni chombo," akasema, akachukua randa yake.

Siku tisa nilisema. Nilisema kwa upole, nikasema kwa ukali, nikasema mbele ya mama yake mzazi, ambaye aliniambia nisimtie mwanawe nuksi. Sikio la kufa halisikii dawa, wanasema, lakini sikio hili lilikuwa la baba wa wanangu, naye alikwisha kutangaza kwamba Ijumaa baada ya swala ataruka. Nilitamani kumpiga. Usiniulize kama nilikuwa na hofu. Hofu ilikuwapo, ila hasira iliikalia juu.

Alhamisi asubuhi niliupiga picha mfuko ule kwa simu nikamtumia shemeji. Haikupita saa, simu ya mume wangu ikalia. Makelele ya shemeji niliyasikia mpaka jikoni: mchanga huo utoe leo, magurudumu yasogeze mbele, au wataka kufa? Mume wangu aliitikia, "Ndiyo. Haya. Ndiyo." Alipokata simu aliutoa mfuko, akatwaa msumeno, akaanza kuikata sakafu ya ndege ili magurudumu yahamishwe. Wenzake walipouliza, aliwaambia fundi wa Kenya amegundua kosa. Kuhusu siku zangu tisa hakutamka neno.

Nilimpelekea chai.

"Na ndugu yako asingalipiga simu?" nikamuuliza.

Hakuinua macho.

"Ningaliruka," akasema, akaendelea kukata.