Siku Nilipoikumbatia Maikrowevu Mbele ya Mama Mkwe

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, nilipokuwa na mke mpya, bisibisi mpya, na akili ambayo nayo niliiona mpya kabisa. Tulikuwa tumepanga nyumba Kijenge. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imelegeza biashara, vitu vya nje vimeanza kumwagika madukani Arusha, na mtu mwenye redio ya kaseti mbili alisalimiwa kwa heshima kuliko mwinjilisti. Sisi redio hiyo hatukuwa nayo. Tulikuwa na kikubwa zaidi: Mzungu aliyekaa nyumba ile kabla yetu aliacha maikrowevu imefungwa ukutani, juu ya jiko la umeme, chini ya kabati. Sanduku la chuma linalopasha chakula bila moto!

Kasoro yake ni kwamba halikuwa likipasha. Taa iliwaka, sahani ya kioo ilizunguka, sanduku likanguruma kama lori linalopanda mlima, halafu chai ikatoka baridi vilevile ilivyoingia.

Nami, kwa kiherehere, nilikuwa nimeshamwambia mama mkwe kule Akheri kwamba Jumapili akija kututembelea nitampashia maziwa kwa dakika moja. Alikuwa mama wa maneno machache. Aliniangalia, akasema, "Tutaona." Tangu siku ya posa aliniangalia hivyo, kama mtu anayekagua mahindi yaliyoguswa na dumuzi.

Nikamwendea Fundi Gurdip, mzee wa Kisikh aliyekuwa akitengeneza redio mjini. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Usiiteremshe peke yako. Imeshikwa na bolti mbili kutoka kabatini, na nyuma imenasa kwenye bati la ukutani. Ukitoa bolti inakuinamia. Na hata ikishuka, usiifungue. Ningoje Jumamosi nije na mwenzangu, tuishushe, niipeleke kwangu."

Nikasema asante, mzee. Moyoni nikasema, huyu analinda biashara yake. Tena aipeleke kwake, mama mkwe Jumapili apashiwe nini?

Alhamisi ile mke wangu Ndeshi alikuwa anakwenda soko la Ngaramtoni kununua maharage. Akiwa mlangoni alisema, "Elibariki, si umeambiwa Jumamosi?" Nikamjibu kwamba mwanamume hapangiwi siku nyumbani kwake, neno ambalo mpaka leo sijui nililiokota wapi.

Alipoondoka tu, nikavua shati, nikapanda kwenye kigoda, peku, nikafungua kabati. Bolti ya kwanza ilitoka kwa upole, nikaanza kupiga mluzi. Ya pili ilikaza. Nikaisokota kwa nguvu zote, ikaachia ghafla, na lile sanduku likaniinamia kifuani kama mlevi anayekusalimia. Mlango wake ukafunguka. Sahani ya kioo ikateleza, ikapita tumboni pangu, ikagonga jiko na kusambaa sakafuni, vipande vimekizunguka kigoda pande zote.

Nikataka kushuka nalo. Haliji! Plagi sikuwa nimeichomoa. Waya ulipita kwenye tundu la kabati hadi kwenye soketi, nyuma ya masufuria, na umeme ulikuwamo. Nikivuta, waya unanivuta. Nikirudisha juu, haliingii. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ule ulikuwa wangu mwenyewe, na usufi haukuwamo.

Nilisimama palepale, sanduku kifuani. Jogoo wa jirani aliwika, akapumzika, akawika tena. Nikaanza kusali kwa Kimeru, nikiamini kwamba kwa jambo la dharura Mungu angenielewa haraka zaidi.

Ndipo nikasikia hodi. Mama mkwe! Alipata lifti ya gari la ndizi, akaona Jumapili ya nini.

"Karibu mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona nasalimiwa na ukuta?"

"Niko jikoni, mama. Nimeshika kitu."

"Kiweke chini uje unipokee."

"Hakiwekeki, mama."

Akaja hadi mlango wa jikoni. Mwanangu, kwetu mkwe na mama mkwe husalimiana kwa mbali, kila mtu na heshima yake. Na mimi kifua wazi, nimelikumbatia lichuma, jasho linanitiririka. Akatazama vioo, akatazama miguu yangu, akatazama sanduku.

"Ndiyo hii inayopasha maziwa?"

"Ndiyo, mama."

"Naona imekupasha wewe kwanza."

Hakucheka. Alishika ufagio akaondoa vioo. Akaligusa jiko, akaliona limepoa, akapindua sufuria kubwa juu yake, akapandisha mkungu wa ndizi aliotuletea, akajaza blanketi lililokunjwa, mpaka mzigo ule ukaegemea ndizi na si kifua changu. Yote hayo bila kunigusa hata kwa ukucha. Nikahisi uzito ukinitoka kama dhambi. Nikapenyeza mkono kabatini, nikachomoa plagi. Kisha tukalinasua wawili, huku na huku, tukaliweka mezani.

Nilipokaa, nilimweleza yote, hata alivyoniambia Fundi Gurdip. Akaniuliza, "Ukitoka shambani na mkungu kichwani, ukifika nyumbani unafanyaje?"

"Naita mtu anitue, mama."

"Ni aibu?"

"Si aibu."

"Basi aibu imeanzia jikoni?"

 Lakini kiburi, mwanangu, ni kama kwekwe. Bado nilichukua bisibisi nilifungue sanduku, angalau taabu isiende bure. Mama mkwe akatoa kitabu chake cha nyimbo kwenye mkoba, akakiweka juu yake. "Halifunguliwi mpaka aje aliyesema tusubiri." Nani angekisogeza?

Jumamosi Fundi Gurdip akaja, akamwomba mama mkwe, ambaye bado alikuwa kwetu, ruhusa ya kuondoa kitabu. Alipolifungua akanionyesha kitu mfano wa kikopo. "Hiki hutunza umeme hata plagi ikiwa nje. Ungekigusa juzi, mama huyu angekuwa amekuja msibani." Nilitazama vidole vyangu kumi, nikavihesabu.

Maikrowevu haikupona, kifaa chake hakikupatikana mjini. Maziwa tulipasha kwa mkaa. Na Akheri, kwa miaka mingi, nikiingia kanisani nilisikia akina mama wakinong'ona, "Ndiye yule aliyekumbatia jiko." Lakini tangu siku ile mama mkwe aliacha kuniita "mume wa Ndeshi." Aliniita mwanangu.

Basi nisikilize, siku nawe ukitaka kuteremsha sanduku kama lile. Kabla hujagusa bolti yoyote, zima umeme na uchomoe plagi, na sahani ya kioo itangulie kutoka. Vaa viatu. Mwite mwenzako alishike kwa chini wakati wewe unafungua, wala bolti ya mwisho isilegee kabla mikono yake haijawa tayari, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Likishashuka, usilifungue tumbo. Hiyo ni kazi ya fundi. Na aliyekutangulia akikwambia subiri, usidhani anakuonea wivu. Huenda amekwisha kuona msiba ambao wewe hujauota.

Mungu akupe nguvu za kubeba, mwanangu, na asikunyime mtu wa kukutua. Nyumba yako isikose wa kuitika ukiita, na ulimi wako usione uzito kuita.