Sufuria ya Dengu

Mtu akinisifu kwa jinsi nilivyoliongoza jiko la mkahawa ule wa Parklands, humsikiliza kwa adabu, huku moyoni nikimkumbuka mama mmoja aliyekuwa akituoshea vyombo.

Nilipopewa ushefu, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilitoka hoteli moja katikati ya jiji na hasira zangu zote kapuni. Kanuni yangu ilikuwa moja: saa ya chakula ikifika, nasema mimi peke yangu. Wapishi waitikie, waosha vyombo wanyamaze. Nilikuwa nimeshawafukuza wawili kwa kunijibu. Nilijiona simba kweli.

Kanuni nyingine niliikuta pale. Wateja wetu wengi walikuwa Wahindi ambao hawajagusa nyama tangu kuzaliwa, kwa hiyo nyama ilipikwa upande wa mlangoni na mboga upande wa dirishani. Kila upawa wa mboga ulifungwa kitambaa cha kijani mpinini. Upawa wa nyama haukuvuka. Hata sinki zilikuwa mbili, na ile ya mboga ilikuwa ya yule mama, aliyekuja kwa miguu kila asubuhi kutoka Kangemi.

Jumamosi moja familia fulani ilileta wageni sitini kusherehekea miaka themanini ya nyanya yao. Zilibaki dakika arobaini tupakue. Nilionja mchuzi wa mbuzi, nikamkaripia mpishi wa chapati, nikageuka kukoroga dengu. Nikahisi mtu amesimama nyuma yangu.

"Shefu," mama akasema polepole, "hiyo upawa umetoa kwa mbuzi."

Nikautazama mpini. Haukuwa na kitambaa. Nikamwinamia na kumnong'oneza arudi kwenye sinki yake, hakuna aliyeona.

"Mimi nimeona," akasema.

Hakurudi kwenye sinki. Alikuwa na watoto wanne shuleni, na alijua vizuri yaliyowapata wale wawili. Naona haya kuandika hili, lakini neno la kumfukuza lilikuwa limeshanifika ulimini. Nadhani sauti yake ndiyo iliyonizuia. Haikuwa sauti ya kunishtaki. Alikuwa ananionea huruma, na mimi sikuwa nimemwonea huruma mtu yeyote mle ndani.

Nikazima moto. Nikawaambia wote kwamba dengu nimeziharibu mimi, si mwingine, na kwamba sijui tufanyeje. Hawakuwahi kunisikia nikisema sijui. Wakatazamana, kisha ndimi zikafunguka. Yule mpishi wa chapati niliyetoka kumkaripia akasema dengu nyekundu zinaiva upesi, na stoo zimo. Mwingine alishaanza kukata vitunguu. Mama akaleta sufuria safi kabla sijaiomba.

Nilitoka kumweleza mtoto mkubwa wa nyanya kwamba chakula kitachelewa, na sababu yake. Akauliza kama sufuria nayo imebadilishwa. Nikamwambia imebadilishwa, na upawa pia, na aliyekosea ni mimi. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwa wageni wake. Nyanya aliongezewa dengu mara mbili.

Nilikaa katika jiko lile miaka mingi baadaye, likapata jina, na watu wakasema nina mkono mzuri wa kuongoza. Mkono wenyewe nilifundishwa siku ile, na ninashukuru hadi leo kwamba aliyenifundisha aliniogopa na bado akasema.

Zile dengu za kwanza hatukuzimwaga. Wageni walipoondoka tulizila sisi, tumesimama, na wali uliobaki. Nilimpakulia mama kwanza. Nikamwomba radhi na kumshukuru mbele ya wote. Akaonja, akatafuna taratibu, akanitazama.

"Imekosa chumvi, Shefu."

Nikaenda kumletea chumvi.