Shikamoo ya Pikipiki

Pikipiki ya marehemu baba ilikaa uani kwetu Magomeni miaka kumi na moja, kuku wakiatamia chini yake. Mke wangu alitaka tuwape wa vyuma chakavu. Mimi nikaapa itawaka.

Ni ya kizamani, ya petroli iliyochanganywa na oili. Nilizunguka maduka ya spea Kariakoo Jumamosi tatu nikitafuta ringi za pistoni, wauzaji wakinicheka kwa adabu. Nilipozipata, fundi akazifunga, akasafisha kabureta, akabadili plagi. Nilipoipiga kiki ya ishirini ikanguruma. Moshi ulijaa uani, jirani akaja mbio na ndoo ya maji.

Nikavaa shati jeupe, nikaenda nayo mjini kujionyesha. Mtaa wa Msimbazi ikazimika. Nilikuwa naisukuma juani, dereva wa bodaboda, mtu mzima wa rika langu, akasimama kando yangu.

"Shikamoo!"

"Ndugu yangu, mimi na wewe si tuko sawa?"

"Najua. Naiamkia pikipiki."

Kisha akatoa kamba, akanivuta mpaka nyumbani. Njia nzima nilikaa wima, nimekaza uso, kama mtu anayeendesha mwenyewe.